Mpiganaji yupi akufae: kutoka vijitabu vya 1974 hadi matoleo ya leo

Mtu akija mezani kwetu hapa Kisumu kwa mara ya kwanza kucheza mchezo wa kuigiza wahusika, ambamo kila mchezaji humwongoza mhusika wake na mwendesha mchezo husimulia na kuendesha mengine yote, kabla hata hajaizoea dadu ya pande 20, huambiwa: chukua mpiganaji, huyo ni rahisi. Mchawi ana kurasa za uchawi wa kusoma, kasisi ana dua zake na masharti yake, mpiganaji ana mkono na silaha tu. Ushauri huu nimeusikia Kisumu, nimeusikia Nakuru, na siukubali.

Urahisi wa mpiganaji hutegemea ametoka mchezo gani na toleo la mwaka gani. Tangu 1974 amesukwa upya mara kadhaa, hivi kwamba wapiganaji wawili wenye mkuki uleule wanaweza kumdai mchezaji mambo tofauti kabisa. Yupo ambaye karatasi yake ya sifa na uwezo ina mistari michache, na kila la maana lazima litoke kichwani mwa mchezaji. Yupo mwingine ambaye karatasi yake imejaa hadi ukingoni, lakini imemwandikia wazi anachoweza kufanya. Mgeni mwenye haya akipewa wa kwanza, atakaa jioni nzima akisema "napiga" zamu yake ikifika, na wiki ijayo hutamwona.

Kwa hiyo hapa nawaweka wapiganaji hao kando kwa kando, nikisema nani anamfaa nani. Sitagusa kila mchezo uliowahi kuchapishwa. Nimechagua ambao mtu wa huku anaweza kuukuta mezani au kuupata bila kuuza baiskeli, pamoja na ile ya zamani inayoeleza kwa nini wa leo wako walivyo.

Kipimo: kivuko cha Nyando

Wote nitawapa jambo moja. Mpiganaji wetu ni kijana wa uwanda wa Kano, ana mkuki na ngao. Amesimama katikati ya kivuko cha mto Nyando, penye upana wa watu watatu. Nyuma yake wazee, watoto na ng'ombe wanavuka. Mbele yake wapo maadui sita, na hawana haja naye. Wanataka kumpita wafike kwenye mifugo.

Nimechagua hali hii kwa sababu kila mchezo unajua kuua. Unarusha dadu, unapunguza pointi za uhai, basi. Kuzuia ndiko kugumu kuandikia kanuni, na kusimama kati ya hatari na watu wako ndiyo kazi ya mpiganaji katika hadithi zetu zote. Mpiganaji asiyeweza kuzuia ni mtu mwenye silaha anayetazama wengine wakipita.

Na kwa kuwa tuko Kano, nitamtaja Lwanda Magere inapobidi. Aliyekulia huku anaijua habari yake: mwili wa jiwe, mikuki ikimgonga inaruka, hadi maadui walipomwoza binti yao, naye akagundua kwamba nguvu za mumewe zilikuwa kwenye kivuli. Kivuli kikachomwa mkuki, Lwanda akaanguka, akageuka jiwe. Wachezaji wengi wa Kisumu wakiulizwa wanataka mhusika gani, humtaja yeye au mtu wa namna yake. Mchezo unaoweza kumzaa una sifa ya ziada kwangu.

Wa kwanza kabisa

Dungeons & Dragons ilitolewa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, katika vijitabu vitatu vidogo. Aina za wahusika zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi na paladini, yaani askari mtakatifu, walikuja mwaka uliofuata.

Ukimsoma mpiganaji huyo leo utashangaa jinsi alivyopewa kidogo. Ngazi ya 1, ile ya mwanzo kabla mhusika hajapanda kwa kukusanya uzoefu, alirusha dadu moja ya pande 6 kupata uhai wake, akaongeza 1. Mchawi alirusha dadu ileile bila nyongeza. Silaha zote ziliumiza sawa, dadu moja ya pande 6, kisu na upanga mkubwa pamoja. Hata katika kulenga, ngazi tatu za kwanza mpiganaji na mchawi walisoma mstari uleule wa jedwali. Faida yake ilikuwa deraya, silaha za aina zote, na panga za ajabu ambazo wenzake hawakuruhusiwa kuzishika.

Faida kubwa ilikuja baadaye. Mchezo huu ulizaliwa kutoka michezo ya vita ya majeshi madogo mezani, na katika kanuni za Chainmail za 1971 shujaa mmoja alihesabiwa sawa na watu wanne, na shujaa mkuu sawa na wanane. Majina hayo yalihamia kwenye ngazi za mpiganaji: ngazi ya 4 unaitwa shujaa, ya 8 shujaa mkuu, ya 9 unakuwa bwana mwenye haki ya kujenga ngome na kutawala eneo. Kufika huko kulihitaji pointi 240,000 za uzoefu. Kwa maneno mengine, mpiganaji wa 1974 ni mtu wa kawaida anayepanda hadi kuwa mtawala.

Kivukoni je? Kanuni karibu hazisemi kitu. Na hapo ndipo mchezo wenyewe ulipo. Niliwahi kuendesha pambano la namna hii kwa kanuni hizi, mpiganaji akiwa mikononi mwa mwalimu wa hisabati wa Kondele, mtu mwenye maswali. "Maji yanafika wapi?" Magotini, mvua imenyesha juu milimani. "Chini kuna mawe au tope?" Mawe yenye utelezi. "Basi sisimami kavu. Narudi nyuma hatua tatu ili wao ndio wapigane ndani ya maji, mimi niwe kwenye jiwe." Nikawapunguzia maadui uwezo wa kulenga, nikasema ni wawili tu wanaoweza kumfikia kwa wakati mmoja. Hakuna ukurasa wowote ulioniambia hivyo. Mwalimu aliuumba uwezo wake kwa kuuliza, akashikilia kivuko mpaka ndama wa mwisho akavuka.

Mpe mpiganaji huyohuyo kijana asiyezoea kubishana na mwendesha mchezo, na atakufa raundi ya pili. Uhai wake ni kati ya pointi 2 na 7, mkuki wa adui unatoa hadi 6. Wepesi wa karatasi umehamishia uzito wote kwa mchezaji na kwa mwendesha mchezo.

Wa 1978, na jedwali lake la nguvu

Toleo la AD&D, yaani Dungeons and Dragons ya juu (Advanced), lilimjenga mpiganaji upya. Dadu yake ya uhai ikawa ya pande 10. Mwenye alama ya nguvu ya 18 alirusha dadu za asilimia juu yake, na akipata 00, yaani 100, aliongeza 3 kwenye kulenga na 6 kwenye jeraha, jambo lililowafanya wachezaji wa enzi ile waiabudu namba moja kwenye karatasi. Paladini alidai alama ya mvuto ya 17 kwenda juu. Kwa dadu tatu za kawaida hilo hutokea mara 1 kati ya 54, na bado kulikuwa na viwango vingine vya kutimiza. Ndipo mtu alipokubali kuwa mpiganaji wa kawaida kwa kukosa, na doa hilo la "aliyebaki baada ya wengine kuchaguliwa" halijamtoka hadi leo.

Lakini kulikuwa na kanuni moja nzuri ambayo watu huisahau. Akipigana na binadamu wa kawaida wasio na mafunzo, mpiganaji alipiga mara nyingi kama ngazi zake. Ngazi ya 6, mapigo 6 kwa raundi. Tazama kivuko chetu: maadui sita wa kawaida, mapigo sita. Hii ndiyo Lwanda Magere ya mapigano ya halaiki, mtu mmoja anayevunja mstari wa vita. Akikutana na jitu au joka, anarudi kwenye pigo moja na kutafuta wenzake.

Mwaka 1985 ikaja nyongeza ya mpiganaji wa nyikani asiyeamini vitu vya uchawi, na ubobezi katika silaha moja. Toleo la 1989 liliwapanga mpiganaji, paladini na mlinzi wa misitu chini ya kundi moja la wapiganaji. Kwa anayechagua leo hakuna tofauti kubwa ya kumsumbua.

Mwaka 2000: vipaji kumi na moja

Kampuni ya Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR, wachapishaji wa mchezo huu tangu mwanzo, mwaka 1997, ilitoa toleo la tatu mwaka 2000 na kulirekebisha 2003. Mpiganaji akapewa vipaji vya kuchagua, 11 zaidi ya vile ambavyo kila mhusika hupata, hadi ngazi ya 20. Ukiusikia hivyo unaona uhuru. Ukikaa nao mezani unaona foleni.

Chukua kipaji cha kuwapiga wote waliokuzunguka kwa zamu moja. Ili ukipate lazima kwanza uwe na vinne vingine, wepesi wa 13, akili ya 13, na kiwango fulani cha ustadi wa kupigana. Kijana wetu wa Nyando anafika huko mapema kabisa ngazi ya 6, na akikosea machaguo ya mwanzo, anachelewa zaidi. Kumpiga adui anayepita karibu naye anaweza mara moja tu kwa raundi, isipokuwa amenunua kipaji kingine, na pigo hilo halimsimamishi mtu. Maadui watano kati ya sita wanapita bila kuguswa.

Huyu anamfaa mtu mmoja tu: anayependa kukaa nyumbani na kalamu, akipanga ngazi 20 kabla ya kucheza hata moja. Watu hao wapo, nawaheshimu, na wengi wao ndio wanaokumbuka kanuni wengine wakizisahau. Mgeni asikaribie.

Mwaka 2008: aliyejua kuzuia

Toleo la nne lilitukanwa sana, na bado naliona limemtendea mpiganaji haki kuliko mengine yote ya Dungeons & Dragons. Kila mhusika aligawiwa kazi wazi kwenye kikosi, na kazi ya mpiganaji ilikuwa mlinzi.

Hebu tumrudishe kivukoni. Kila adui anayemshambulia anaweza kumwekea alama, na mwenye alama akijaribu kumshambulia mtu mwingine anapunguziwa 2 kwenye kulenga. Tena akimgeukia mwingine huku bado yuko karibu na mpiganaji, anakula pigo kabla hajamaliza. Anayejaribu kupita mbio naye anapigwa, na hapa ndipo utamu ulipo: pigo hilo likimpata, anasimama palepale. Na nafasi ya kumpiga anayepita haiishi baada ya mtu mmoja. Inarudi kwenye zamu ya kila adui. Watu sita wanaweza kujaribu mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja lazima aombe mkuki umkose. Akiwa na ngao anaweza pia kuchagua pigo la kumsukuma adui nyuma hatua moja, tena kila zamu, bila kuishiwa.

Uhai wake wa kuanzia ni 15 ukijumlisha alama yake yote ya ustahimilivu, kwa hiyo hafi kwa bahati mbaya moja. Binti mmoja, mwanafunzi wa Maseno, ambaye kwenye michezo mingine alikuwa akiongea kwa kunong'ona, alimshika mpiganaji huyu akabadilika. Kadi zake zilikuwa mbele yake, kila moja ikieleza jambo analoweza kufanya, naye hakuhitaji ruhusa ya mtu. "Huyo hapiti," akasema, akaweka kidole kwenye ramani. Hakupita.

Kasoro zipo na ni nzito. Bila ramani ya miraba na vipande vya kusogeza, huchezi. Pambano moja linaweza kumeza jioni. Mapigo ya mpiganaji yalipangwa kwa mfumo uleule wa uchawi wa mchawi, mengine kila zamu, mengine mara moja kwa pambano, mengine mara moja kwa siku, na watu waliona wahusika wote wamekuwa ndugu mapacha. Toleo hili lilipisha jipya mwaka 2014, kwa hiyo msaada mpya usiutarajie.

Mwaka 2014 na 2024: wa sasa

Huyu ndiye wengi watakutana naye, kwa hiyo nikae hapa kidogo.

Mpiganaji wa toleo la tano anaanza vizuri. Anaweza kuvuta pumzi katikati ya pambano na kujirudishia uhai, dadu ya pande 10 pamoja na ngazi yake. Ngazi ya 2 anapata uwezo wa kutenda mara mbili kwenye zamu moja. Ngazi ya 3 anachagua tawi, na hapo ndipo watu hupotezwa.

Tawi la Champion ndilo wageni husukumiwa, kwa sababu halina cha kukumbuka: pigo lako linakuwa la hatari ukirusha 19 au 20, badala ya 20 peke yake. Tufanye hesabu. Pigo la hatari linaongeza dadu moja ya silaha. Kwa silaha ya dadu ya pande 8, wastani ni 4.5. Kwenye mapigo 20, Champion anapata pigo la hatari moja zaidi ya mwenzake. Yaani amepiga mara 20, pengine jioni mbili nzima, na zawadi yake ni pointi nne au tano za jeraha.

Jirani yake, Battle Master, ngazi hiyohiyo ana dadu nne za pande 8 na mbinu tatu alizochagua. Dadu zinarudi akipumzika saa moja ya mchezo. Kila dadu inaongeza jeraha kwa wastani wa 4.5, kwa hiyo kwa pumziko moja tayari ana 18, na juu ya hayo anamwangusha adui chini, au anamsukuma futi 15, au anamtia hofu, au anamchokoza ashindwe kuwalenga wengine vizuri. Kivukoni, Champion anachoma na kutumaini. Battle Master anamsukuma wa kwanza mtoni, anamwangusha wa pili miguuni mwa wa tatu, na wa nne anamchokoza amgeukie yeye. Bado pigo la kumkamata anayepita ni moja tu kwa raundi, na peke yake halimzuii mtu, lakini angalau ana cha kufanya.

Watasema mbinu tatu ni nyingi kwa mgeni. Ziandike kwenye vikadi vitatu, mpe na dadu nne azipange mbele yake. Anazielewa kabla chai haijapoa. Kinachomchosha mgeni ni kutojua anaruhusiwa nini, kikadi kinamwambia.

Tatizo letu huku ni pesa. Vitabu vinatoka nje, na usafirishaji unaumiza kuliko kitabu chenyewe. Kanuni zilizowekwa huru mwaka 2023 chini ya leseni ya Creative Commons zina tawi moja tu la mpiganaji, nalo ni Champion. Ndiyo maana meza nyingi zisizonunua vitabu zinacheza na mpiganaji dhaifu kuliko wote zikidhani ndivyo alivyo.

Habari njema ni marekebisho ya 2024. Kanuni huru zilizofuata 2025 bado zina Champion peke yake, lakini sasa kila mpiganaji, tangu ngazi ya 1, anajua siri ya silaha tatu. Mkuki ukimpata adui, pigo lake linalofuata linalegea. Rungu kubwa la mikono miwili linamsukuma futi 10, bila dadu ya kumwokoa, mradi si mkubwa kupita kiasi. Mkuki mwepesi wa kurusha unampunguzia mwendo. Mpe kijana wetu rungu badala ya mkuki na ngao, na kila adui anayepigwa naye anarudi kwenye maji. Si mlinzi wa 2008, ila hajabaki tena na neno moja la "napiga". Kama utacheza toleo la tano bila kununua kitu, chukua hili, liache la 2014.

Washindani

Pathfinder ya toleo la pili, iliyotoka 2019, ina jambo ambalo kwa wachezaji wa huku ni kubwa: kanuni zake zote zinasomwa bure na kihalali kwenye tovuti ya Archives of Nethys, mpiganaji na vipaji vyake vyote, hakuna tawi lililofichwa nyuma ya malipo. Simu na bando vinatosha.

Mpiganaji wake ndiye mlengaji bora kuliko aina nyingine karibu zote. Wengi wanaanza na ustadi wa silaha wa +2, yeye anaanza na +4. Tofauti ya 2 inaonekana ndogo hadi ujue kwamba katika mchezo huu ukivuka lengo kwa 10 pigo linakuwa la hatari, kwa hiyo nyongeza hiyo hulipa mara mbili, kwenye kupata na kwenye kuumiza zaidi. Kila zamu una vitendo vitatu. Kijana wetu anachoma, anasogea, anainua ngao. Au anachoma na kuinua ngao, kisha anabaki na kitendo cha kumtisha mtu. Kupiga mara ya pili kunakupunguzia 5 na mara ya tatu 10, hivyo mchezo wenyewe unakufundisha kwamba kuchoma, kuchoma, kuchoma ni ujinga.

Kumpiga anayepita ni haki yake tangu ngazi ya 1, na wengi wa wahusika wengine hawana. Ni mara moja kwa raundi. Ila anayeinuka kutoka chini naye huhesabika anasogea, kwa hiyo ukimwangusha mtu, akiinuka unampiga. Angalia jambo moja: kumwangusha mtu kunadai mkono mmoja mtupu au silaha maalumu. Mkuki na ngao pamoja havifai. Lazima uamue kabla, ngao au mkono. Uamuzi wa namna hiyo naupenda. Wasiopenda kanuni zenye matawi watauchukia mchezo wote.

Dungeon Crawl Classics, ya mwaka 2012, imetatua shida kwa njia nyingine, na kwangu ndiyo fupi kuliko zote. Mpiganaji hana nyongeza ya kudumu ya kulenga. Badala yake anarusha dadu ndogo pamoja na ile ya pande 20, ngazi ya 1 ikiwa ya pande 3, na matokeo yake yanaongezwa kwenye kulenga na kwenye jeraha. Kabla hajarusha anatamka kitendo chochote cha kishujaa: namfyeka miguu, namnyang'anya ngao, namrusha kwa wenzake. Dadu ndogo ikitoa 3 au zaidi na pigo likampata, kitendo kimefanyika.

Ona kilichotokea hapo. Ubunifu wa 1974 umebaki, mchezaji anasema anachotaka kwa lugha yake, lakini haki yake imeandikwa. Hahitaji kumbembeleza mwendesha mchezo. Na ukimsikia mtu wa Nyalenda akieleza kwa Kiswahili kamili jinsi anavyomtupa adui mtoni, mkono ukionyesha, utaelewa kwa nini nauweka juu. Ubaya ni kwamba ngazi ya 1 dadu hiyo inatoa 3 mara moja kati ya tatu tu, na mchezo huanza na wanakijiji kadhaa wenye uhai wa dadu ya pande 4, ambao wengi hufa. Asiyestahimili kufiwa na mhusika ataumia. Dadu zake za ajabu zisikutishe: ya pande 3 unapata kwa kugawa dadu ya ludo kwa mbili.

RuneQuest, iliyoanza 1978, nitaipitia haraka, kwa kuwa haina aina ya mpiganaji hata kidogo. Kila mtu anapigana kwa asilimia ya ustadi wake, na kila pigo linatua kwenye kiungo fulani, mguu, mkono, kichwa. Lakini wafuasi wa Humakt, mungu wa kubuni wa ulimwengu wa mchezo huo, hupewa vipawa vya vita, kila kipawa kikija na mwiko wake. Nguvu yenye mwiko ndani yake: kama lengo lako ni kumcheza Lwanda Magere hasa, na kivuli chake na ndoa yake ya hatari, hakuna mchezo mwingine hapa unaomkaribia.

Sasa, nani amshike nani

Kwa mgeni mwenye haya, na meza isiyo na fedha, naenda na kanuni huru za 2025, mpiganaji wa siri za silaha, silaha tatu kwenye vikadi vitatu. Kama mezani kuna hata mtu mmoja mwenye kitabu cha wachezaji, basi Battle Master bila kujadiliana.

Mgeni asiye na haya, yule anayesimulia mechi ya Gor Mahia kana kwamba alikuwa uwanjani akicheza, mpe Dungeon Crawl Classics. Mpiganaji wa 2024 atambana.

Kikundi cha watu walewale wanaokutana kila wiki na kupenda kupanga kikosi kitapata Pathfinder ya kuwatosha miaka. Msichanganye na toleo la 2000. Mnachokitafuta huko kipo huku, bila foleni ya vipaji.

Ukiwa na ramani, vipande vya kusogeza, na Jumamosi nzima, na mtu mezani anayetaka kuwa ukuta wa wenzake, litafute toleo la nne hata kama ni kwa kuazima. Nimesema lilitukanwa. Mwache mtu wako alicheze kwanza.

Mpiganaji wa zamani, wa 1974 au wa 1978, nampa aliyekomaa, mwenye mwendesha mchezo anayemwamini. Asiyetaka kuhangaika na vitabu vya zamani apakue Basic Fantasy, mchezo wa bure wa tangu 2007 unaofuata njia ileile kwa kanuni zilizonyooshwa. Sababu ya kumrudia ni ile ngazi ya 9. Katika matoleo ya leo mpiganaji wa ngazi za juu anapiga mara nyingi zaidi, basi. Yule wa zamani anapata ardhi, watu walio chini yake, na majirani wenye madai. Wachezaji wa huku, waliokua wakisikiliza kesi za mipaka na malisho kwenye baraza la chifu, huingia sehemu hiyo bila kufundishwa. Kama kikundi chako kina subira ya kufika huko, mwanzishe ngazi ya 1 na usimruke hata moja, maana pointi 240,000 alizozihangaikia ndizo zitakazomfanya asikubali kumwachia mtu kivuko chake.